Nani anamwambia bingwa kwamba imetosha?

Ukiwauliza wazee wa Goma, ao wa Kalengera kule kwenye barabara ya Rutshuru, juu ya ndondi, wengi watakupeleka moja kwa moja Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Pambano lilianza karibu saa kumi za usiku kwa saa za Kinshasa, ili Wamarekani waweze kuliona jioni kwao. Huku mashariki ilikuwa tayari saa kumi na moja alfajiri. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32. George Foreman, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alikuwa na miaka 25 na hakuna mtu aliyekuwa amemshinda bado. Raundi ya nane Foreman akaanguka. Uwanja wa 20 Mai, ule ambao leo unaitwa Tata Raphaël, ukalipuka kwa kelele zile za Kilingala zilizomfuata Ali kila alikopita jijini: Ali, boma ye.

Nusu hiyo ya hadithi kila mtu anaijua. Nusu ya pili haisimuliwi sana, na ndiyo yenye faida kwa kijana anayevaa glavu leo, kwa kocha wake na kwa mama yake. Ni hii: bondia anajuaje kwamba wakati wake umekwisha? Na kama yeye hajui, nani ajue kwa niaba yake?

Tuanze na namna Ali alivyoshinda usiku ule. Watu walimngoja acheze kwa miguu kama zamani, azunguke, Foreman amtafute na asimpate. Hakufanya hivyo. Kuanzia raundi ya pili alijiegemeza kwenye kamba, akafunika uso kwa mikono, akamwacha yule kijana mwenye nguvu za ng'ombe dume apige mpaka achoke. Kocha wake, Angelo Dundee, alikuwa anapiga kelele atoke kwenye kamba. Ali hakutoka. Foreman alichoka kweli, na mengine yote dunia nzima inayajua.

Lakini jiulize kwa nini mtu aliyekuwa maarufu kwa kukwepa ngumi aliamua kuzipokea. Ali alikuwa amefungiwa ndondi zaidi ya miaka mitatu, kuanzia 1967 hadi 1970, kwa sababu alikataa kwenda vita vya Vietnam. Aliporudi, miguu haikuwa ileile. Akili ilikuwepo, mikono ilikuwepo, roho ilikuwepo kabisa, ila miguu ilikuwa inaanza kuaga. Kinshasa alionyesha kwamba mtu anaweza kushinda hata bila ile miguu, mradi akubali kupigwa. Ujanja huo ulimrudishia mkanda, na miaka saba iliyofuata ukamdai malipo yake.

Baada ya Kinshasa, Ali alipanda ulingoni mara 14 zaidi. Tarehe 1 Oktoba 1975, Manila, alipigana na Joe Frazier mara ya tatu katika joto kali, na wote wawili walifika karibu na kifo. Pale ndipo palitokea kitu ambacho kila klabu ya ndondi ingefaa kukifundisha siku ya kwanza kabisa. Kabla ya raundi ya 15, ya mwisho, macho ya Frazier yalikuwa yamevimba, alikuwa hazioni tena ngumi zikija. Yeye alitaka kuendelea. Kocha wake, mzee Eddie Futch, alimkalisha na kumwambia mwamuzi basi, imekwisha. Frazier alikasirika. Alikosa mkanda kwa dakika tatu. Lakini alirudi nyumbani kwa watoto wake, na Futch mpaka uzee wake hakuwahi kujuta. Alikuwa ameshaona mabondia wakifia ulingoni.

Ali hakuwa na mtu wa namna hiyo, ao tuseme alikuwa nao ila hawakusikilizwa. Tarehe 29 Septemba 1977 alipigana na Earnie Shavers, mmoja wa watu waliopiga kwa nguvu zaidi katika historia ya mchezo huu. Alishinda kwa pointi. Munganga wake, Ferdie Pacheco, ambaye alikuwa naye Kinshasa, alipata matokeo ya vipimo vilivyoonyesha kwamba figo za Ali zinaharibika. Aliyatuma matokeo hayo kwa Ali mwenyewe, kwa mke wake na kwa wale waliosimamia kazi yake. Hakuna aliyemjibu. Akaondoka kwenye kambi. Wakati huohuo Teddy Brenner, aliyepanga mapambano pale Madison Square Garden, New York, alitangaza kwamba hatampa Ali pambano lingine pale. Fikiria: mtu ambaye kazi yake ni kuuza tiketi anakataa kuuza jina kubwa kuliko yote. Wafanyabiashara wa ndondi waliofanya hivyo ni wachache sana.

Halafu ukaja mwaka 1978. Ali alimpoteza mkanda kwa Leon Spinks mwezi wa pili, akaurudisha mwezi wa tisa, akatangaza kustaafu mwaka uliofuata. Kama angeishia hapo! Lakini alirudi. Tarehe 2 Oktoba 1980, Las Vegas, akiwa na miaka 38, alipambana na Larry Holmes, kijana aliyewahi kuwa mwenzake wa mazoezi. Kabla ya leseni kutoka, Ali alipimwa katika hospitali ya Mayo Clinic, na ripoti ilitaja vitu vidogo: alipoambiwa aguse pua kwa kidole alikosea kidogo, na kuruka kwa mguu mmoja hakukuwa kuzuri kama inavyotakiwa. Leseni ilitoka tu. Ali alikuwa amepunguza uzito, tumbo limeingia, nywele nyeusi, anaonekana kijana. Sehemu ya kupungua huko ilitokana na dawa za tezi alizokuwa anakunywa. Watu waliona umbo zuri wakadhani ni afya. Ulingoni Holmes alimpiga kwa raundi 10 huku akimtazama mwamuzi kama anayeomba msaada, mpaka Dundee akasimamisha.

Hata hiyo haikuwa ya mwisho. Tarehe 11 Desemba 1981, Nassau, katika visiwa vya Bahama, alipigana na Trevor Berbick. Maandalizi yalikuwa mabaya kiasi kwamba hapakuwa na kengele ya kuanzisha raundi. Ikabidi watumie ile ya kuvalisha ng'ombe. Mtu aliyejaza uwanja wa Kinshasa alimalizia hapo, akapoteza kwa pointi, zikiwa zimebaki wiki tano tu afikishe miaka 40. Mwaka 1984 madaktari walimwambia ana dalili za ugonjwa wa Parkinson. Alifariki tarehe 3 Juni 2016, akiwa na miaka 74.

Hapa inabidi kusema sawasawa. Parkinson ni ugonjwa unaowapata hata watu ambao hawajawahi kuvaa glavu, na madaktari wamebishana muda mrefu juu ya kiasi gani cha hali ya Ali kilitoka ulingoni. Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo msikilizaji wa redio atalielewa haraka kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu ni jambo la sauti. Watafiti wa chuo kikuu cha Arizona State, Marekani, walichukua kanda za zamani za Ali akizungumza kwenye televisheni na wakahesabu silabi anazotamka kwa sekunde. Matokeo yao yalitoka mwaka 2017. Kati ya umri wa miaka 26 na miaka 39, kasi ya maneno yake ilipungua kwa asilimia 26. Kawaida mtu wa umri huo hapungui hivyo. Sauti inachelewa uzeeni, si katikati ya ujana. Maana yake, alama ya hatari ilikuwa inasikika hewani miaka kadhaa kabla daktari hajatamka jina la ugonjwa. Mamilioni walimsikia. Wakasema: Ali amekuwa mtulivu, amekomaa.

Ndiyo maana swali la "bondia mwenyewe anajisikiaje" halitoshi. Ubongo ni kitu laini kinachoelea ndani ya maji kwenye fuvu. Ngumi ya kidevu inazungusha kichwa ghafla, fuvu linageuka, ubongo unachelewa kidogo kufuata, na nyuzi nyembamba zinazounganisha sehemu zake zinavutwa mpaka nyingine zinakatika. Glavu inalinda zaidi mikono ya anayepiga kuliko kichwa cha anayepigwa. Hakuna kidonda, hakuna damu. Mwaka 1928 daktari mmoja wa Marekani, Harrison Martland, aliandika juu ya mabondia wanaotembea kama walevi bila kunywa pombe. Mwaka 1973 huko Uingereza, J. A. N. Corsellis na wenzake walichapisha uchunguzi wa ubongo wa mabondia 15 waliokwisha kufariki, wakaonyesha uharibifu ambao haufanani na ule wa uzee wa kawaida. Na mara nyingi dalili zinakuja miaka baada ya mtu kutundika glavu: kusahau, hasira zisizo na sababu, mikono kutetemeka, ulimi kuwa mzito, kukosa usingizi.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba hesabu haiko kwenye kuangushwa tu. Bondia anaweza asianguke maisha yake yote na bado akaharibika, kwa sababu ngumi ndogo ndogo nazo zinahesabiwa, na nyingi kati ya hizo hazipigwi siku ya pambano. Zinapigwa kwenye mazoezi. Ali alikuwa na tabia ya kuwaacha wenzake wa mazoezi wampige, eti anaufundisha mwili kuvumilia. Mwili haufundishiki kwa namna hiyo. Misuli inakuwa migumu, ubongo hapana. Kwa vijana wanaopigana kila jioni bila kofia ya kichwa, bila daktari, mbele ya marafiki wanaoshangilia, pambano rasmi la mwezi ujao ni sehemu ndogo tu ya hatari yao.

Basi uzee wa bondia unaonekana wapi kwanza? Makocha wengi wanakubaliana: miguu inatangulia kwenda. Halafu jicho na mkono vinaacha kuelewana; anaiona nafasi ya kupiga, lakini ngumi inafika nafasi ikiwa imeshafungwa. Halafu kidevu: ngumi ambazo zamani alizicheka sasa zinamyumbisha. Kitu kinachobaki mpaka mwisho kabisa ni nguvu ya kupiga. Na hapo ndipo mtego ulipo. Mzee anapiga gunia la mazoezi, gunia linalia kama zamani, vijana wanaduwaa, naye anajiambia bado nipo. Gunia halimrudishii ngumi.

Wanaotaka kubishana watamtaja Foreman, na wana haki ya kumtaja. Yule aliyeanguka Kinshasa aliacha ndondi mwaka 1977 baada ya kushindwa na Jimmy Young, akawa mhubiri huko Texas na kufungua kituo cha vijana mjini Houston. Miaka 10 hakupigana. Mwaka 1987 alirudi, mnene, kichwa kimenyolewa, watu wakacheka. Tarehe 5 Novemba 1994 alimwangusha Michael Moorer raundi ya 10, akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 45. Moorer alikuwa na miaka 26. Foreman alivaa kaptula ileile aliyovaa Kinshasa miaka 20 kabla, na kwenye kona yake alisimama Angelo Dundee, yuleyule kocha wa Ali.

Hadithi hiyo imewapoteza wazee wengi kuliko ilivyowasaidia. Wanasahau kwamba Foreman alikuwa amepumzisha kichwa kwa miaka 10 mizima, na katika miaka hiyo Ali alikula ngumi za Shavers na Holmes. Wanasahau kwamba alianza tena na wapinzani wepesi, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Na alikuwa na ile nguvu ya kupiga isiyoondoka. Hata dhidi ya Moorer alikuwa anapoteza kwa pointi, tena vibaya, mpaka ngumi moja ilipofika. Mtu mmoja kati ya maelfu aliweza. Foreman mwenyewe aliacha mwaka 1997. Mwaka 2004, akiwa na miaka 55, alitangaza kwamba anarudi tena, na kwa maelezo yake mwenyewe ni mke wake aliyemkatalia: si ndivyo unavyotaka kuacha mchezo, ukiwa bado unajisikia unaweza? Hakurudi. Alifariki mwezi wa tatu 2025.

Umri peke yake, kwa hiyo, si saa ya kuaminika. Wakongomani wamejionea hilo karibuni. Ilunga Makabu, mtoto wa Kananga, alichukua mkanda wa WBC wa uzito wa cruiser pale Kinshasa tarehe 31 Januari 2020, mbele ya watu wake. Tarehe 26 Februari 2023, huko Saudia, alisimamishwa raundi ya 12 na Badou Jack. Makabu alikuwa na miaka 35. Aliyemshinda alikuwa na miaka 39! Ndondi za Olimpiki zimeweka mpaka wa miaka 40, na mpaka huo una maana yake, ila mtu wa miaka 30 aliyepigwa sana anaweza kuwa mzee kuliko wa miaka 39 aliyepigwa kidogo.

Na kuna hatari isiyongoja umri wowote. Robert Wangila wa Kenya alichukua medali ya dhahabu ya Olimpiki huko Seoul mwaka 1988, na mpaka leo Kenya haijapata nyingine ya ndondi. Mwezi wa saba 1994, Las Vegas, mwamuzi alisimamisha pambano lake na David Gonzales raundi ya tisa. Wangila alilalamika: yuko mzima, kwa nini wamemsimamisha? Alifika kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akapoteza fahamu, na baada ya siku mbili hivi akafariki. Alikuwa na miaka 26. Hapo jibu la swali letu linakuwa wazi kabisa. Mtu anayesema "niko sawa" anatumia ubongo uleule ulioumia kupima kama umeumia. Yeye si shahidi mzuri. Hata akiwa mkweli, hata akiwa bingwa.

Kwa hiyo uamuzi inafaa ukae mikononi mwa mwingine, na upangwe mapema, kabla ya pesa kuwekwa mezani. Chama cha ndondi za ridhaa kilikuwa na kanuni rahisi ambayo kocha yeyote anaweza kuiandika ukutani kwa mkaa. Aliyeangushwa kwa pigo la kichwa mara moja, asipigane siku 30, hata mazoezi ya kupigana asifanye. Akiangushwa mara mbili ndani ya miezi mitatu, apumzike miezi mitatu. Mara tatu ndani ya mwaka, apumzike mwaka mzima. Haitaki mashine. Inataka daftari tu, na kocha mwenye ujasiri wa kulifungua. Mashine ya kupiga picha ya ubongo si kitu cha kukuta kwenye kituo cha afya cha kijijini, na hata pale ilipo, bei yake inamshinda kijana anayesukuma chukudu mchana na kufanya mazoezi jioni. Daftari hilo linaweza kuwa kinga pekee aliyonayo.

Ugumu uko kwenye pesa, na hapa si haki kumlaumu bondia. Mwalimu ana pensheni, angalau kwenye makaratasi. Askari vilevile. Bondia ana jina tu. Akiacha, jina linaanza kufifia wiki hiyohiyo, na simu za marafiki zinapungua. Ali hakurudi kwa Holmes kwa sababu ya kiburi peke yake. Kulikuwa na mamilioni ya dola, na kulikuwa na watu wengi waliokula kwenye sahani yake. Huku Kivu mamilioni hayo hayapo, lakini hesabu ni ileile: pambano moja zaidi ni karo ya shule, ni kodi ya nyumba, ni deni la dukani. Anayemwambia mtu wa hivyo "acha" bila kumwambia atakula nini kesho anapoteza maneno yake.

Njia moja iliyofanya kazi ni ya mtu wa Lubumbashi. Sumbu Kalambay alizaliwa kule mwaka 1956, akaenda kutafuta maisha Italia, akawa bingwa wa dunia wa WBA uzito wa kati mwaka 1987. Mwaka 1988 alimshinda Mike McCallum, ambaye hakuna aliyekuwa amemshinda kabla. Mwezi wa tatu 1989, Las Vegas, Michael Nunn alimwangusha kwa ngumi moja raundi ya kwanza kabla dakika mbili hazijatimia. Kalambay alikuwa anakaribia miaka 33. Siku ile wengi wangemzika. Yeye alirudi taratibu, akawa bingwa wa Ulaya tena, na Oktoba 1992 akamshinda kwa pointi Steve Collins, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia baadaye. Alikuwa mtu wa akili ulingoni, wa kutopigwa, na hilo lilimnunulia miaka. Mwezi wa tano 1993, akiwa na miaka 37, alipoteza kwa pointi mbele ya Chris Pyatt huko Uingereza. Akatundika glavu. Hakuna kurudi mara ya pili, hakuna pambano la kuaga lililofuatwa na lingine la kuaga. Akaingia kwenye ukocha, na jina lake likabaki na kazi ya kufanya.

Huenda hilo la mwisho ndilo lililomrahisishia. Mtu anaacha kwa urahisi zaidi kama kuna mlango mwingine ulio wazi ndani ya nyumba ileile. Goma inamjua Balezi Bagunda, yule wanayemwita Kibomango, ambaye kwa miaka mingi alifundisha ndondi vijana wa mji, wakiwemo waliotoka kwenye makundi yenye silaha. Kwa wavulana hao yeye alikuwa bingwa kila asubuhi alipofika mazoezini, bila kuhitaji mkanda. Klabu inayompa mzee wake filimbi na saa kabla hajaanza kushindwa, ikampa na kitu kidogo mfukoni hata kama ni michango ya wazazi, inamsaidia kuliko ile inayomfanyia sherehe baada ya kuangushwa mara ya tatu.

Nyumbani nako kuna kazi. Mke, mama ao dada anamsikia bondia akiongea kila siku, na sikio lake halidanganywi na umbo. Anajua kama neno linalokuja haraka zamani sasa linachelewa. Anajua kama mtu anauliza swali lile lile mara tatu kwa jioni moja, kama anashika ukuta akiamka, kama taa inamuumiza, kama anagombana na watoto wakati zamani hakuwa hivyo. Kocha hayaoni hayo. Yeye anamwona mtu kwa saa mbili tu, akiwa amechemka kwa mazoezi. Klabu ambayo kocha wake anapita nyumbani kwa bondia mara moja kwa mwezi kunywa chai na kuuliza "mama, kijana analala vizuri?" tayari ina kamati ya madaktari ya aina yake, ya bure. Na kama jibu ni hapana, safari inayofuata ni ya hospitali, glavu zikibaki kwa kocha mpaka daktari atakaposema.

Kitu cha mwisho ni rahisi kufanya leo jioni. Kocha na bondia wakae, wakati hakuna pambano lililopangwa na hakuna aliyekasirika, waandike jina la mtu mmoja ambaye akisema "basi" ni basi, bila majadiliano. Eddie Futch hakuanza kufikiri Manila, dakika moja kabla ya raundi ya 15. Alikuwa ameshaamua zamani ni kitu gani atafanya siku Frazier atakapoacha kuona.